Saini ya Mlezi

Mwanzoni mwa mwaka huu kundi la wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kimoja cha Pwani ya Kenya lilinijia, likiongozwa na binti mmoja mwenye daftari lililojaa michoro, wakanieleza kwa taadhima kwamba wamekusudia kuunda timu ya baiolojia ya usanisi, ile elimu ya kuzipanga upya chembe za urithi za viumbe vidogo ili vifanye kazi ambayo kwa tabia yao visingeifanya, na kwamba kanuni za mashindano wanayoyatamani zinataka kila timu iwe na mlezi mkuu aliye mwalimu. "Mwalimu, hatutakusumbua," akasema yule binti, "tunahitaji saini yako tu." Maneno yalisemwa kwa adabu, na aliyeyasema alidhani ananitua mzigo, walakini usiku ule sikuweza kuyatoa moyoni, maana yalinirudisha kwenye kiangazi cha mwaka 2009, nilipokuwa mgeni katika nchi ya watu, nikaona kwa macho yangu saini ya mlezi inabeba nini.

Mashindano yenyewe huitwa iGEM, na ni haki msomaji ajue asili yake. Januari 2003, katika chuo cha MIT huko Marekani, walimu kadhaa, miongoni mwao Tom Knight, Drew Endy na Randy Rettberg, waliwaita wanafunzi katika somo fupi la mwezi mmoja, wakawataka wabuni vipande vya DNA vitakavyowafanya bakteria wawake na kuzimika kwa zamu. Mwaka uliofuata vyuo 5 vilishindana, na mwaka 2005 timu zikawa 13. Leo ni mamia, kutoka kila bara, na tangu 2022 zimekuwa zikikutana Paris. Nguzo yake ilikuwa wazo la Knight, ya kwamba vipande vya DNA vikitengenezwa kwa ncha za namna moja vitaunganika kimoja na kingine bila ya kila mtafiti kubuni njia yake upya. Basi vikawekewa hazina, Rejista ya Sehemu Sanifu za Kibaiolojia, na timu ikaletewa vipande vikavu ndani ya vijishimo vya sahani ya plastiki, iviyeyushe kwa maji, ivitie ndani ya bakteria, na mwisho irudishe katika hazina ile chochote kipya ilichokibuni.

Wanaofanya kazi hii aghalabu ni vijana wa shahada ya kwanza, na muda wao ni miezi michache ya likizo. Kijana ambaye katika masomo yake amefanya majaribio yenye majibu yaliyokwisha kuandikwa kitabuni, ghafla hukabidhiwa swali ambalo hata mwalimu wake hana jibu lake. Mlezi anayesimama kati ya kijana huyo na swali hilo ana kazi ngumu kuliko mhadhara wowote, na aghalabu hapana aliyemfundisha namna ya kuifanya.

Mwaka huo wa 2009 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kimoja cha Uingereza, nikaombwa niwe mshauri wa timu, yaani mtu wa kati, aliye karibu na vijana kwa umri na karibu na walezi kwa elimu. Walezi walikuwa wawili: profesa wa elimu ya vijidudu, mtu mzima wa maneno machache, na mhadhiri mmoja wa uhandisi, mwanamke makini aliyependa kila jambo liandikwe. Vijana walimwita profesa kwa jina lake la kwanza, nami niliyelelewa Mombasa kumwamkia mwalimu shikamoo na kumpokea mkoba nilikaa muda mrefu nikimwita Profesa peke yangu. Hakunikataza. Alichonikataza ni kukubaliana naye upesi. Alipotoa rai nikaitikia kwa kichwa, aliniuliza ushahidi gani umenifanya niitikie. Nilijifunza polepole kuwa heshima na hoja hukaa katika kifua kimoja bila ya kugombana, na jambo hilo nimelileta nyumbani, kwa kuwa nimeona darasani kwetu vijana wengi wanaomheshimu mwalimu kiasi cha kumwacha apotee.

Siku ya kikao cha kwanza vijana walikuja na kalamu tayari, wakitaraji kupewa mada. Profesa hakuwapa. Alikuwa na utafiti wake mwenyewe uliohitaji mikono, na fedha zilizopatikana zingeweza, bila ya mtu kulaumu, kuelekezwa huko. Lakini alisema wazi kwamba kiangazi hicho si chake. Vijana wakasoma, wakabishana, wakaja na mapendekezo makubwa kuliko uwezo wa binadamu, wakayaacha, hata wakasimama kwenye zebaki ndani ya maji. Wako bakteria wanaoishi katika mazingira yenye zebaki, na hao wana protini iitwayo MerR inayoikalia DNA mbele ya jeni za kujikinga. Zebaki ikiigusa, protini hiyo huulegeza msokoto wa DNA na jeni zikaanza kufanya kazi. Azma ya vijana ilikuwa kuiondoa kazi ya kujikinga na kuweka mahali pake kazi ya kutoa rangi nyekundu, ili maji yenye zebaki yajishitaki yenyewe. Profesa akasema, "Mimi sijapata kufanya kazi na zebaki, mtanifundisha." Naliona neno lile kuwa ndilo lililoifanya timu kuwa timu. Kishawishi kikubwa cha mlezi ni kuwageuza wanafunzi kuwa vibarua wa utafiti wake, huku karatasi zikisema kuwa mradi ni wao. Na huo, hata ukifanywa kwa wema, ni upungufu wa insafu.

Kazi ya mwanzo ilikuwa kuwatia E. coli plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA inayobeba kipande kilichobuniwa pamoja na kinga dhidi ya dawa ya kuua bakteria. Baada ya hapo bakteria hutandazwa juu ya sahani za agari iliyotiwa dawa hiyo, ili asiyeipokea plasmidi afe, na aliyeipokea aishi, azaane, afanye kidoa kinachoonekana kwa macho. Asubuhi moja sahani zilitoka katika kabati la joto la nyuzi 37 zimejaa vidoa, na vijana wakashangilia. Profesa akazitazama, kisha akaomba aletewe sahani ya ulinganisho, ile yenye bakteria ambao hawakutiwa plasmidi. Ikaletwa, nayo imejaa vidoa vile vile. Shangwe ikazimika. Mimi nilikuwa nimekwisha kulipitia daftari la maabara, nikaona kuwa hapakuandikwa popote kwamba agari ilipozwa kabla ya kutiwa ampisilini. Nikafungua kinywa niseme, profesa akanitazama, nikakifunga. Akawaambia waandike kila sababu inayoweza kuifanya sahani ile iwe hivyo, kisha wazijaribu moja baada ya moja, akaenda zake ofisini.

Walishuku uchafu, wakashuku dawa iliyozeeka, wakashukiana wenyewe. Siku zikapita, hata mmoja wao akauliza agari ilikuwa na joto gani dawa ilipomiminwa, na hapana aliyejua. Ampisilini huharibiwa na joto kali. Agari hutakiwa ipoe mpaka karibu nyuzi 50 ndipo itiwe dawa, na wao waliimimina ilipotoka tu mtunguni. Wiki nzima ilipotea, na katika kiangazi kifupi wiki ni mali. Lakini tangu siku ile sikuona mwanafunzi katika kundi lile aliyeleta matokeo bila ya kuleta sahani ya ulinganisho kabla hajaulizwa. Lau ningalilitamka jibu asubuhi ile, wangalijua jambo moja kuhusu ampisilini. Kwa kunyamaza kwangu, ambako hakukuwa kwa hiari yangu, walijua namna ya kuzishuku furaha zao wenyewe, na hiyo ndiyo roho ya sayansi.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kuwa ulezi wa mtu yule ulikuwa kunyamaza. Siku nyingine kijana mmoja alichovya kijiti cha kioo katika spiriti, akakipitisha motoni kukitakasa, kisha kwa haraka akakirudisha chomboni kikingali kinawaka. Spiriti ikashika moto juu ya meza. Profesa, ambaye nilidhani hatutazami, alikuwa amefika kabla sauti yangu haijatoka. Akakifunika chombo, akafunga gesi, akatutoa sote nje, na kazi ikasimama siku ile. Hakuuliza swali la kufundishia, wala hakutaka mtu aandike sababu zinazowezekana. Asubuhi yake kila mmoja wetu, nami nikiwamo, alirudia mafunzo ya usalama tangu mwanzo, na aliyesababisha moto hakutajwa jina wala kutahayarishwa.

Nikayaweka matukio haya mawili pamoja, nikauona mpaka ambao mlezi hana budi kuujua. Kosa ambalo gharama yake ni wakati, ni mali ya mwanafunzi, na kumnyang'anya ni kumdhulumu. Kosa ambalo gharama yake ni mwili wa mtu au mazingira yaliyo nje ya kuta za maabara si mali yake kabisa, na hapo subira ya mwalimu ni uzembe. Nimekutana baadaye na walezi walioupindua mpaka huu, wakali kwa mwanafunzi aliyekosea kupima matone na wasiopatikana siku ya hatari, na sijaona timu iliyostawi chini yao.

Mhadhiri wa uhandisi alikuwa na njia nyingine. Kila Ijumaa aliketi na vijana, akamwuliza kila mmoja kwa zamu: wiki hii umefanya nini kwa mkono wako, na nani amekusaidia? Majibu aliyaandika katika daftari kubwa. Tulidhani ni ada ya wahandisi, watu wa hesabu. Wakati wa kutengeneza bango la maonyesho ulipofika, vijana wenye ulimi mwepesi walijigawia sehemu zote, na kijana mmoja mkimya, aliyebuni takriban peke yake vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, ambavyo bila ya hivyo pasingekuwa na mradi wa kuonyeshwa, hakutajwa. Mama yule hakukemea. Alilileta daftari, akalisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika mwisho hapakuwa na haja ya kuongeza neno. Jina la kijana likaandikwa, na ikaamuliwa kuwa yeye ndiye atakayesimama mbele ya sehemu hiyo ya bango na kuieleza. Leo mashindano yenyewe huilazimisha kila timu itangaze hadharani ni nani aliyefanya nini: kipi cha wanafunzi, kipi cha walezi, kipi kilichoazimwa kwa wengine. Naiona kuwa miongoni mwa kanuni zake bora, kwani huwalinda walio wakimya na humzuia mlezi kujificha ndani ya kazi ya wanafunzi wake.

Katikati ya kiangazi profesa aliwatuma vijana wakazungumze na mtu ambaye angeweza siku moja kukitumia chombo chao, nao wakaenda kwenye mtambo wa kusafishia maji, wakampata mzee mmoja aliyefanya kazi hapo miaka mingi. Aliwasikiliza kwa hamu mpaka mwisho, kisha akauliza: hao bakteria wakisha kunipa rangi, nitawamwaga wapi? Hapana aliyekuwa na jibu. Walikuwa wamefikiri sana juu ya jinsi ya kumwamsha bakteria na hawakufikiri hata kidogo juu ya jinsi ya kumlaza. Wakarudi wakabuni upya: bakteria wakae ndani ya kichupa kilichozibwa, na ukisha kusomwa ujumbe wao, dawa ya klorini imwagike humo humo iwaue kabla kichupa hakijafunguliwa. Swali la mzee yule lilikuwa na uzito kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Mwaka 2006 timu ya Edinburgh ilikuwa imebuni bakteria wa kuonyesha aseniki, kwa kuyakumbuka mateso ya watu wa Bangladesh wanaokunywa maji ya visima yenye sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita, na bakteria wale, kwa kuyafanya maji kuwa makali au matulivu, walibadili rangi ya kipimo ambacho mwanakijiji angeweza kukisoma bila ya mashine. Wanafunzi walihitimu wakatawanyika, lakini mmoja wa walezi wao, Chris French, aliendelea na kazi ile kwa miaka mingi pamoja na wenzake wa vyuo vingine, na miongoni mwa vizuizi walivyokutana navyo ni sheria za kutoa viumbe vilivyogeuzwa nje ya maabara. Ndilo swali lile lile la utawamwaga wapi.

Mwisho wa Oktoba tulikwenda Marekani, MIT, katika mji wa Cambridge, na ikasadifu kuwa walioondoka na tuzo kuu mwaka ule ni timu ya Cambridge nyingine, ile ya Uingereza, iliyowafanya bakteria watoe rangi mbalimbali. Nilisikiliza maelezo yao kwa ghera. Kilichonigusa zaidi ya rangi ni kwamba walikuwa wamefanya kazi na wasanifu wawili wa sanaa, Alexandra Daisy Ginsberg na James King, waliowataka wafikiri rangi hizo zitakuwa wapi katika maisha ya watu miaka mingi ijayo. Kumkaribisha katika maabara mtu asiyejua DNA, na kumpa haki ya kuuliza, kunahitaji mlezi asiyeogopa maswali.

Katika chumba kingine niliona jambo la huzuni. Timu moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa na kazi safi mno, michoro yake ikipendeza kuliko yetu sote. Jaji akauliza kwa nini walichagua njia hii badala ya ile. Vijana wakatazamana, kisha wote, kana kwamba wamevutwa kwa uzi mmoja, wakageuka kumtazama mlezi wao aliyeketi safu ya nyuma, naye akasimama akajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Sikupata kuona jibu sahihi lililowavunja watu moyo namna ile.

Timu yetu haikupata tuzo kubwa. Bakteria wake walitoa wekundu palipokuwa na zebaki, na walitoa wekundu hafifu hata pasipokuwa nayo, na grafu iliyoonyesha aibu hiyo iliwekwa katikati ya bango, si pembeni. Jaji alipoiuliza, yule kijana mkimya akasema hawajui kwa hakika sababu yake, akatoa dhana mbili, akaeleza jaribio gani lingezitenganisha. Niligeuka kuwatazama walezi. Walikuwa nyuma kabisa ya chumba, mama wa uhandisi akiandika, na profesa amefumba macho akisikiliza.

Basi nilipowajibu wanafunzi wangu wa Pwani niliwaambia kuwa saini nitaitoa kwa sharti la kusumbuliwa. Mwaka ule ule wa 2009 Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama wa Kibaiolojia na kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya kuisimamia, na miaka miwili baadaye zikatungwa kanuni za kazi zifanywazo ndani ya maabara. Mwalimu anayetia saini chini ya mradi wa kugeuza viumbe hutia saini pia mbele ya sheria hizo, na mbele ya wazazi wa watoto hawa. Tumekwisha kuanza. Wamegundua kwamba vimeng'enya vya kukatia DNA vinataka baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri tangu kiwandani hadi maabarani, na kwamba mzigo ukikwama uwanja wa ndege mwishoni mwa wiki fedha zote zimepotea. Wamegundua kwamba ada ya kuingia mashindanoni ni maelfu ya dola. Hayo ni yangu kuyahangaikia. Wao nimewaachia swali, na wanalibishania kwa sauti ambayo jirani zangu wa ofisi wamekwisha kuilalamikia.

Linalonitia simanzi ni jingine. Katika vyuo vyetu mwalimu anayeomba kupandishwa daraja huulizwa makala aliyochapisha, fedha za utafiti alizoleta, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu aliowasimamia; likizo nzima aliyoitumia pamoja na vijana kumi wa shahada ya kwanza, wasio na tasnifu yenye jina lake, haina mahali katika fomu. Kwa hiyo walimu wenye hekima ya kutosha hukwepa, na vijana huenda kutafuta saini tu, kwa kuwa wanajua hakuna zaidi ya hiyo watakachopewa. Nimewaandikia wahusika wa chuo changu nikishauri kwamba yale maelezo ambayo kila timu hulazimika kuyatangaza, ya nani amefanya nini, yapokewe kuwa ushahidi wa kazi ya mlezi, pamoja na yale ambayo kwa makusudi hakuyafanya. Barua ina muhuri wa kupokewa, na kikao kimepangwa mwezi ujao. Walimu wenzangu walio na ari ya jambo hili naomba waandike zao kabla ya siku hiyo.